Msimu Uliorefushwa

Zandekerke, 8 Oktoba 1978

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Saudia, wewe na pampu zako za kunyonya mchanga wa bahari, na kwamba jua halijakukausha ukawa samaki wa chumvi. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, anasema soksi alizokufungia ni zako, usizigawe kwa mabaharia.

Baba, nimeshinda! Leo hii, Hoogbeke, ushindi wangu wa kwanza wa msimu. Wanaziita mbio za tope lakini tope lenyewe halikuwepo, vumbi tupu, viazisukari bado viko ardhini. Kile kilima cha nyuma ya kanisa, kisichopandika kwa baiskeli, nilikipanda nimeibeba begani, nikawa nasikia pumzi za Wannes Boone kisogoni, halafu nikawa sizisikii. Nilipogeuka nikamwona kule chini kasimama, kashika kiuno kama mama mjamzito. Tulipomaliza akaniuliza, "Wewe leo umekula nini?" Nikamwambia, "Nimekula wewe." Tukacheka, tukanunua chipsi, akanilipia yeye kwa kushindwa.

Kamiel alifunga baa yake siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mama yake, akaleta mashabiki kwa basi. Sasa yeye ndiye msimamizi wangu kamili: ananiandikisha, ananiendesha, ananioshea baiskeli. Na msimu huu umerefushwa, Baba. Zamani si ulianza Oktoba, viazi vikishang'olewa, ukaisha Februari? Mwaka huu umeanza Septemba, utaisha Machi, na katikati wamechomeka mbio za Jumatano. Kamiel ameniandikisha zote.

"Zote?" Mama akamuuliza, tukiwa mezani.

"Zote, Zulma. Kijana ana miaka ishirini na moja, si kikombe cha kauri."

Mama aliinuka. Alichukua sahani ya Kamiel, nyama bado imo, akaenda kuiosha.

Mwisho wa Januari kuna mashindano ya dunia, Italia. Wanateuliwa vijana wanne. Nataka niwe mmoja wao, Baba. Nataka mpaka usingizi unanipaa.

Mwanao akupendaye,
Gerolf


Chomboni, nje ya Dammam, 29 Oktoba 1978

Mwanangu Gerolf,

Marahaba, na hongera. Mimi ni mzima, ila sikio la kushoto limeanza kusikia pampu hata pampu ikizimwa. Barua yako imechukua wiki tatu kunifikia. Kwa hiyo jua kwamba chochote ninachokuambia kinakukuta kimechacha kidogo, kama maziwa ya Jumatatu yaliyonywewa Alhamisi.

Niliwashikia wakimbiaji magurudumu ya akiba miaka kumi, na wa mwisho wao alikuwa mjomba wako Marnix, kwa hiyo nisikilize. Msimu wa tope unawaua watu kwa urefu wake, si kwa ukali wake. Oktoba ni ya wenye haraka. Novemba ni ya wenye nguvu. Krismasi, mbio zinapokuwa karibu kila siku, ni ya wenye akili. Februari ni ya waliobaki. Sasa wewe unaniambia wamekiongezea kamba kitu ambacho tayari kilikuwa kirefu kuliko mwili wa binadamu.

Acha za Jumatano. Mwambie Kamiel nimesema mimi. Pampu ninayoiendesha hapa ina nguvu za farasi elfu tatu, na hata hiyo ukiizungusha kwa kasi yote tangu alfajiri, jioni inakohoa.

Msalimie mama yako. Soksi ninazo zote, ila jozi moja iko miguuni kwa mpishi.

Ni mimi baba yako,
Odilon


Zandekerke, 19 Novemba 1978

Baba mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na sikio linaendeleaje? Sisi ni wazima, tumelowa tu. Mvua haijakatika tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote. Tope sasa limekuja kweli, linafika vifundoni, linavua watu viatu. Baiskeli ukiibeba begani ina uzito wa ndama.

Nimeshinda tena, na tena. Nilimwambia Kamiel habari ya Jumatano. Akasema mbele ya baa nzima, "Odilon yuko jua kali, ubongo umeiva." Watu wakacheka, nami nikacheka, nisamehe. Jumatano iliyofuata nikashinda, sasa ningemwambia nini?

Ila hili ndilo nililotaka kukuambia: mteuzi alikuja! Mzee mwembamba mwenye kofia ya kijani, alisimama peke yake kwenye mtaro, hali, hanywi, hapigi makofi. Nilipomaliza akanisogelea akasema, "Verstuyft, tutakuona Krismasi." Basi. Akaondoka. Kamiel alitaka kuibusu ardhi aliyoikanyaga.

Mama bado haji kwenye mbio. Nikirudi ananiosha nguo, ananipa supu, anauliza nimekuwa wa ngapi, kisha anazungumza mambo ya kuku.

Garini tunakohoa sote, watu sita tunavuta hewa moja. Wannes ndiye anayekohoa zaidi. Siku hizi nikiamka asubuhi moyo unapiga haraka kuliko ulivyozoea, hata kabla sijainuka kitandani. Kamiel anasema ni furaha.

Mwanao,
Gerolf


Chomboni, 10 Desemba 1978

Gerolf mwanangu, simba wa Zandekerke,

Marahaba elfu! Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka kumi. Barua yako niliisoma kwa sauti chumba cha kulia, nikaambiwa nirudie. Bia hapa ni marufuku, kwa hiyo tulikunywa soda ya machungwa kwa afya yako, na fundi mkuu, Mholanzi asiyejua kucheka, alisimama juu ya kiti.

Sikiliza sasa. Nilikuambia upunguze. Maneno hayo nayafuta. Mteuzi akishatamka Krismasi, basi Krismasi ndiyo msimu wenyewe, na hayo mengine yote yalikuwa kupasha misuli moto. Kuanzia siku ya pili ya Krismasi hadi Mwaka Mpya usikose hata mbio moja. Ukikosa moja watasema umechoka, na aliyechoka hapelekwi Italia. Kikohozi kisikutishe, nani huko kwetu asiyekohoa Novemba?

Mama yako atakuzuia, namjua. Mwambie baba kasema. Woga wake ni wa kaka yake, si wako.

Laiti ningekuwepo. Ningesimama pale kwenye tope la magoti nikapiga kelele mpaka meno yang'oke.

Baba yako mwenye fahari,
Odilon


Zandekerke, 20 Desemba 1978

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe u mzima. Mimi si mzima, kwa hiyo sitaandika kwamba sote ni wazima.

Imeanza siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe sita. Homa, viungo vinauma, hata nywele zinauma. Nilikimbia nayo Jumapili hiyo, na Jumatano yake, na Jumapili tena, nikaanza na wa nne, nikaishia wa tisa. Juzi nilipanda ngazi ya kwenda chumbani nikakaa katikati ya ngazi. Mama akanikuta hapo. Alivaa koti akaenda kumwita Daktari Ide.

Daktari alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu. Akasema, "Homa hii inaingia kwenye misuli. Moyo nao ni msuli." Ameniamuru nilale wiki tatu. Wiki tatu, Baba! Krismasi nzima!

Kisha Mama akafanya jambo ambalo kijiji kizima sasa kinalicheka. Amechukua magurudumu yangu yote, hadi ya akiba, akayapeleka chumbani kwenu. Anayalaza kitandani, upande wako. Analala nayo.

Kamiel amekuja leo. Alisimama jikoni na kofia yake kichwani.

"Zulma, mpe kijana vitu vyake."

"Kijana anaumwa."

"Wannes anaumwa vilevile, na Jumapili alikuwa wa pili. Hii ni nafasi ya maisha yake. Unamuua mtoto huyu kwa kumfungia."

Mama akasema, taratibu kabisa, "Yupo mwingine aliyehurumiwa hivyohivyo, jikoni kama hapa, na watu waliovaa kofia ndani ya nyumba."

Kamiel alivua kofia. Akaondoka bila kuaga.

Nilimuuliza Mama alikuwa anamsema nani, akaniambia ninywe supu. Baba, nakuuliza wewe. Mjomba Marnix alikufa na nini?

Mwanao,
Gerolf


Zandekerke, 31 Desemba 1978

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naandika haraka, nina mikono baridi.

Barua yako ya tarehe kumi ilifika jana. Niliisoma mezani kwa sauti. Nilipofika pale uliposema nisikose hata mbio moja, Mama akanyoosha mkono, akaomba aone mwenyewe. Akasoma hadi mwisho, mstari ule wa kaka yake akausoma mara mbili, niliona macho yake yakirudi. Akapanda juu. Akateremka na magurudumu, jozi baada ya jozi, akayaegemeza kwenye jiko. Akasema, "Ni baba yako aliyesema."

Basi kesho nakimbia, Moerhoek. Homa imekwisha tangu juzi, au karibu. Nimekosa mbio zote za wiki ya Krismasi, lakini mzee wa kofia ya kijani atakuwepo kesho, Kamiel ameulizia. Nikishinda kesho bado nina nafasi.

Hali ya hewa imegeuka vibaya. Asubuhi ilikuwa mvua ya kawaida, watu wako na makoti mepesi. Mchana upepo ukahama, ukaja wa kaskazini-mashariki, na sasa jioni tope limekuwa chuma, nyayo za watu na za ng'ombe zimeganda humohumo. Kuku wawili wamekufa wamesimama. 

Heri ya Mwaka Mpya, Baba. Asante kwa kunielewa.

Mwanao,
Gerolf


Chomboni, 8 Januari 1979

Gerolf,

Salamu nitakupa mwishoni. Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia leo asubuhi. USIKIMBIE. Mtii Daktari. Mtii mama yako. Ile barua yangu ya Desemba ikiwa imefika, ichome. Nilikuwa namwandikia kijana mzima, sikujua naandikia mgonjwa. Nimemwomba nahodha atume simu ya maandishi, imeondoka saa hii: usikimbie, lala, baba.

Umeniuliza kuhusu Marnix. Mama yako hawezi kulisema, nitalisema mimi. Ilikuwa Februari, mbio za mwisho za msimu. Alikuwa na mafua mazito, na homa. Wote jikoni kwa bibi yako wakamwambia, moja tu imebaki, Jumapili msimu unaisha, Jumatatu utalala mpaka Pasaka. Akawa wa tatu. Tukarudi naye tukiimba. Alikula supu bakuli mbili, akalalamikia chumvi. Jumanne bibi yako alikwenda kumwamsha. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Watu walisema mapafu, maana mapafu ni rahisi kuyasema. Daktari alisema moyo. Mama yako ndiye aliyemvisha nguo za mwisho, akiwa na mimba yako tayari bila kujua.

Na mimi nikakuandikia kwamba woga wake ni wa kaka yake.

Lala, mwanangu. Italia haihami, itakuwepo mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Lala tu.

Baba

Jioni. Sijafunga bahasha, na simu ya mama yako imefika. Ilikwama ofisini mwa kampuni kwa ajili ya sikukuu na theluji. Inasema: Gerolf hospitali tangu Jumatatu, anapumua, sali. Tangu Jumatatu! Leo ni Jumatatu nyingine. Wiki nzima mimi nimekula, nimelala, nimecheza karata. Barua hii naituma hivyohivyo kwa sababu sijui niifanyie nini mikono yangu.


Hospitali, Gent, 4 Februari 1979

Baba mpenzi,

Shikamoo. Niko hai, kama unavyoona. Naandika mistari mitatu, napumzika, naandika mingine. Nesi anadhani natunga mashairi.

Nitakusimulia, maana najua Mama kakutumia maneno sita tu.

Baridi ya siku ile siwezi kuieleza. Maji yaliganda kwenye chupa kabla hatujaanza. Njia yote ilikuwa mifereji ya barafu, watu wanaanguka kama sahani. Nilianza vizuri. Nilikuwa wa pili, Wannes mbele, nikajiambia, leo namla tena. Kwenye mzunguko wa nne, pale pa kupanda ngazi za kutokea mtaroni, niliweka baiskeli begani nikaona miguu iko sawa, kichwa kiko sawa, ila hewa hakuna. Si kwamba nilichoka, Baba. Kuchoka nakujua. Ilikuwa kama mtu amezima mashine. Nilimsikia Kamiel akipaza sauti, "Twende, twende, twende!" kisha sauti yake ikawa mbali, kama iko ndani ya kisima.

Nilipofumbua macho shavu langu lilikuwa limegandiana na ardhi, na aliyekuwa amenishika kichwa ni Wannes. Alikuwa anaongoza, Baba. Aligeuka, akaniona, akatupa baiskeli, akarudi chini mbio. Alikuwa ananitukana huku analia: "Mpumbavu wewe, pumua, mpumbavu wewe." Na nyuma yake alikuwa amesimama Mama. Kavaa nguo zake za kanisani. Alikuja na basi bila kuniambia, akasimama pale kwenye ngazi za mtaro tangu mwanzo. Aliwaambia watu, "Ondokeni, mpeni hewa," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na wote wakaondoka, hata mzee wa kofia ya kijani.

Madaktari wanasema moyo umevimba, unasukuma nusu ya kile unachopaswa kusukuma. Homa ilikuwa haijaondoka, ilikuwa imejificha ndani yake. Wannes wamempima kwa sababu yangu, naye wamemlaza nyumbani. Atapona, wanasema.

Kamiel huja kila alasiri na zabibu. Anakaa, anaushikilia mwenyewe mfuko wa zabibu mapajani, anaondoka. Jana nilimwambia, "Zabibu huwa zinaliwa, Kamiel." Akalia.

Simu yako ilifika tarehe kumi. Mama ameiweka kwenye kitabu chake cha sala. Mashindano ya dunia yamepita, nilizima redio.

Mwanao,
Gerolf


Chomboni, 22 Februari 1979

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu kidogo kuliko ile yako ilivyoniacha. Mimi sina la kusema kuhusu afya yangu. Nafanya kazi. Nimeomba kushuka mara tatu, wananiambia wa kunipokea atafika mwisho wa Machi, na kabla ya hapo pampu haiwezi kuachwa. Pampu!

Nakuuliza jambo moja, na ukinipenda usinihurumie. Bila ile barua yangu, ungekwenda?

Baba


Zandekerke, 11 Machi 1979

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unalala. Niko nyumbani tangu wiki iliyopita, kwenye kitanda cha chini, sebuleni, ili nisipande ngazi.

Msimu umeisha. Mbio za mwisho zilikuwa hapahapa kwetu Jumapili iliyopita, zikipita nyuma ya bustani. Ngano ya majira ya baridi imeshachipua, na mkulima mwenye shamba alikuwa anamtukana kila anayepita, anasema shetani gani anakimbiza watu shambani mwezi wa tatu. Niliwatazama kwa dirisha. Walikuwa wachache, Baba. Wengi walishaugua au kuvunjika. Waliobaki walikuwa na nyuso za kijivu, na hata aliyeshinda hakuinua mikono. Nimesikia wanapanga mwakani waanze mapema zaidi.

Mama amenikataza nisijibu swali lako. Nakujibu. Ningekwenda. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Wannes aniazime magurudumu, niyapitie kwake gizani. Utadhani nakuhurumia, muulize yeye mwenyewe ukija. Barua yako iliniondolea kazi ya kutoroka, basi. Lakini kwa Mama ni jambo jingine. Bila barua ile, Mama asingeyateremsha magurudumu yangu. Aliyateremsha kwa mkono wake kwa sababu yako. Hilo liko kati yenu wawili, mimi siwezi kulibeba, kifua changu hakiruhusu.

Daktari Ide anasema sitakimbia tena kamwe, si baiskeli, si mguu, si kukimbilia basi. Anasema moyo huu utanifikisha mbali nisipouharakisha. Sikumuuliza mbali wapi, naye alishukuru kwamba sikumuuliza.

Kila siku natoka kidogo. Jana tulikwenda mimi na Mama hadi kwenye lango la kanisa. Alisimama kila baada ya nyumba mbili tatu, akashika ukuta, akasema, "Ngoja kwanza, viatu vinanibana." Ni viatu vyake vya kila siku, Baba, vimetanuka kama mitumbwi.  Nilisimama nikamsubiri, tukawa tunatazama madirisha ya watu, mpaka pumzi zangu zikatulia, ndipo viatu vikaacha kumbana.

Barua hii ikikukuta kabla hujashuka, basi njoo na treni ya mchana, usije na ile ya asubuhi. Nitakuja kukupokea stesheni. Unajua ni mwendo wa robo saa. Mimi nitatoka nyumbani nikishakunywa chai ya asubuhi, na nitafika. Nataka unikute nimesimama.

Mwanao,
Gerolf